Chapa ya Kwanza Ilikuwa na Jina la Mama Yako

Nyumbani, Kakamega
Alasiri, mvua imeanza kunguruma upande wa msituni

Mwanangu Kageha,

Mama yako mdogo Rasoa yuko jikoni anakukaushia kuku wa safari, na hapa nilipokaa namsikia akikutajia mambo ya Nairobi: sweta, sabuni, watu wa kuwakwepa stesheni. Hayo nimemwachia yeye. Anayajua kuliko mimi, na akisema unamsikia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu, na najijua: nikilisema kwa mdomo nitalipunguza. Karatasi haina macho ya kunitazama, kwa hiyo naandika.

Siku ile tuliporudi kutoka ukumbini ulivua viatu mlangoni ukaniuliza, "Baba, sasa umepata nini?" Nilijifanya natafuta miwani. Tangu hapo tumeongea habari za mahindi, za tiketi yako ya treni, za bati linalovuja, na swali lako limekaa kati yetu kama mgeni asiyetaka kuondoka. Kesho unaondoka wewe. Sitaki nibaki nalo peke yangu.

Yote uliyonisikia nikisema ukumbini ni kweli. Lakini sikusema yote.

Nianze na mama yako. Wewe ulimjua kama mwanamke mkimya. Hakuzaliwa hivyo. Nilipomkuta kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu cha misheni, Mideva ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mashine. Mimi nilikuwa mpanga herufi. Kazi yangu ilikuwa kuokota herufi za madini ya risasi, moja moja, kutoka kwenye visanduku na kuzipanga maneno kinyumenyume, ili zikipigwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Yeye alikuwa na wanawake wenzake kwenye meza ya dirishani, wakishona kurasa kwa sindano na uzi wa buluu. Akishona alisema. Mafumbo, vituko vya mama wakwe, jinsi ya kulainisha mrenda, mboga yetu ya majani, kwa munyu, ile chumvi ya majivu, jinsi ya kuweka wimbi usiliwe na wadudu, chakula cha mama aliyejifungua jana. Mzungu wa kiwanda, mzee mmoja aliyeijua lugha yetu kuliko alivyokubali, alikuwa akicheka peke yake nyuma ya mashine. Siku moja akamwambia, "Mideva, hayo yaandike."

Akayaandika. Kwa penseli, kwenye madaftari ya shule, kila Jumamosi akishamaliza kufua. Kitabu kilipokwisha tukakipa jina kwa lugha yetu, ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema Mashauri ya Jikoni. Nilikipanga mimi herufi kwa herufi. Alikishona yeye. Kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, tuliandika DORIKA MIDEVA.

Ukurasa wa thelathini na moja nilikosea. Niliweka n moja miguu juu, ikawa u, na munyu ukawa muuyu. Hatukuona mpaka nakala zote zimekwisha kupigwa. Mama yako alipoona alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Zefania, umewaambia watu wapike mboga kwa muuyu! Huo muuyu wataupata duka gani?" Mwezi huohuo nilipeleka ng'ombe kwao. Ukiniuliza siku gani niliamua kumwoa, ni siku ile ya kosa.

Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, nikakupa jina la mama yangu, ndiyo sababu nakuitanga mama mpaka leo.

Ulipokuwa na miezi sita ulishikwa na homa na tumbo. Tulikupeleka zahanati ya misheni mara mbili, wakakupa dawa. Mara ya tatu wakatuambia tuombe Mungu. Mideva hakubishana. Alikufunga mgongoni akatembea mpaka kando ya msitu, kwa mama mmoja mjua mizizi, akakaa huko siku tatu. Alirudi nawe ukinyonya kwa nguvu, na kiunoni umefungwa uzi mweusi. Jumapili kanisani nguo ikapanda, watu wakauona uzi.

Wazee wa kanisa walimwita. Nilikuwepo.

"Ulikwenda kwa mganga?"

"Nilikwenda kwa mtu anayejua dawa."

"Unatubu?"

"Nitubu kwamba mtoto ni mzima?"

Wakamtenga. Akaondolewa ushirika, na wiki hiyohiyo akaondolewa kwenye meza ya kushonea. Sikuambii haya ili ujione umebeba kitu. Mtoto mchanga hachagui kuugua. Nakuambia kwa sababu bila uzi ule huwezi kuelewa yaliyofuata.

Wakati huo kitabu kilikuwa kimeisha ghalani, na shule za wasichana zilikuwa zikiandika barua kukiomba. Vita vilikuwa vimekwisha, karatasi imeanza kupatikana, ile nyembamba ya siku za dhiki. Kamati ya vitabu ikasema haiwezi kuuza maneno ya mtu aliyetengwa. Karani wa kamati alikuwa Mwalimu Hezroni. Ulimjua akiwa mkubwa mwenye kofia. Mimi nilimjua akiwa kijana mwenye mwandiko mzuri, aliyekula mrenda wa mama yako kwenye meza yangu na kuomba aongezewe.

Alikuja kiwandani na kikaratasi. "Zefania, kazi nzuri kama hii isipotee kwa sababu ya mtu mmoja. Tuweke jina langu kwa muda. Akirudi kanisani tutalirudisha lake."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda." Akakunja kikaratasi mara mbili. "Kama mkono wako unaona uzito, ndugu yangu, niambie. Kuna wengine wanaojua kupanga herufi."

Hilo ndilo ambalo sikulisema ukumbini, mwanangu. Mkono wangu haukuona uzito wa kutosha.

Kurasa nyingine tulikuwa tumezibomoa zamani, kwa kuwa herufi zetu zilikuwa haba, lakini ukurasa wa mbele ulikuwa bado umefungwa kwa kamba kwenye rafu. Niliufungua. Nikalitoa jina la mama yako, herufi kumi na mbili. Zile kubwa tulikuwa nazo chache, kwa hiyo E, R, O na I za Hezroni zilitoka moja kwa moja ndani ya jina la mke wangu. Sikuwa na haja ya kuzifuata kisandukuni. Nilizisogeza tu. Mwaka uliokuwa chini ya jina sikuugusa, maana sikuambiwa niuguse. Kurasa nyingine nilizipanga upya, na kama fundi anayejali kazi yake, nikairudisha ile n ya ukurasa wa thelathini na moja miguu chini.

Sikumwambia mama yako. Ndio ujinga wa mtu mwenye hofu: nilidhani kitabu kitauzwa kila mahali isipokuwa mahali alipo yeye. Alikiona sokoni, mikononi mwa mwuza mboga kutoka Navakholo. Alikuja nacho nyumbani, akakiweka mezani, akanipakulia ugali kwanza. Alisubiri mpaka nikanawa.

"Nani alipanga?"

"Mimi."

Alikifungua bila kutafuta, kidole kikaenda ukurasa wa thelathini na moja. Akausoma ule mstari. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza, "Umesahihisha kosa. Na mimi umenisahihisha."

Hakunitukana, hakurudi kwao. Aliendelea kunipikia, kunifulia, kuniuliza kama chai ina sukari. Lakini fumbo moja halikutoka tena mdomoni mwake ndani ya nyumba hii. Wewe ulikua ukidhani mama yako ni mpole. Yule hakuwa mpole. Alikuwa amefunga duka.

Hezroni naye alipanda. Akawa mwalimu mkuu, akawa mkaguzi, na bendera yetu ilipopandishwa na Wazungu wakaanza kufunga masanduku, akapewa kiti kikubwa cha elimu hapa wilayani. Kila alipotambulishwa ilisemwa: mwandishi wa kwanza wa sehemu hizi. Mtu ambaye hajawahi kukoroga sufuria! Hata alipita shule kwa shule akisema, "Leteni vitabu vya zamani vimechakaa, nitawapa vipya." Wakadhani ni ukarimu. Vile vya zamani viliingia kwenye tanuri la matofali la misheni.

Pamoja na hayo, nakuambia ukweli, nilikuwa nimezoea. Mtu huzoea. Kilichoniamsha, kabla hata ya bendera, ni mazishi ya mama yako.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, Rasoa alikuwa amekuingiza ndani ulale kidogo. Mimi nilikuwa kando ya kaburi na koleo mkononi. Hezroni akaomba kusema neno la faraja. Akatoa kitabu mfukoni, akafungua, akasema, "Ndugu zangu, kama nilivyoandika zamani: jiko la mama halipoi kwa siku moja." Watu wakaitikia amina. Wanawake wakalia.

Alimsomea mama yako maneno ya mama yako, juu ya kaburi lake, akasema ni yake.

Nilimtazama shingo. Koleo lilikuwa zito na zuri. Lakini sikutaka kumpiga, mwanangu. Mtu akipigwa anaonewa huruma, analetewa uji hospitalini. Nilitaka asimame mbele ya watu akiwa mzima, amevaa suti, na jina lake litolewe herufi moja moja huku akiona. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiamka na nia hiyo kabla sijakumbuka kusali. Ulipokuwa ukiniona nimekaa kimya na chai inapoa, ulidhani namlilia mama yako. Mara nyingi nilikuwa nampanga Hezroni.

Ndipo nilipoacha kiwanda nikaanza kuzunguka na baiskeli, kushona Biblia za watu zilizokatika mgongo. Watu walisema msiba umenivuruga. Nilikuwa natafuta chapa ya kwanza.

Kwa kuwa unakwenda kufanya kazi kwenye maktaba, hapa nikupe kile alichonipa yule mzee Mzungu. Alikuwa na sanduku la vitabu vya kale kuliko babu zake, na niliposhona migongo yake alinifundisha kuvipima umri. Aliniambia usikiamini kitabu kinavyojisema. Mwaka ulioandikwa mbele ni neno tu, na anayeuandika anaweza kusahau au kudanganya, kama mimi nilivyouacha. Tazama mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyaficha. Karatasi: iinue kwenye mwanga, uone kama ni ya miaka inayodai. Mgongo: umeshonwa au umepigwa waya? Makosa: kosa lililopo kwenye kimoja na limesahihishwa kwenye kingine, chenye kosa ndicho kaka mkubwa. Na usiache ukurasa wa mwisho kabisa, ule ambao watu hawausomi, wenye orodha ya vitabu vingine vinavyouzwa. Huko ndiko waongo wengi wamekamatwa.

Miaka minane nilipima. Navakholo, Matungu, nyumba za walimu, makabati ya wachungaji. Kila Mashauri ya Jikoni niliyoshikishwa mkononi ilikuwa na waya wenye kutu na jina la Hezroni. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tanuri lilikula zote.

Kisha Musanda, bibi mmoja Mwislamu anaitwa Bi Zainabu akaniita nimshonee msahafu. Nilimsalimu kwa salaam aleikum yangu ya kuazima, akaitikia, akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiye unakujanga huku kuuliza kitabu cha jikoni?"

"Ndiye mimi."

"Unakitakia nini?"

"Mwandishi wake alikuwa mke wangu."

Aliingia ndani akakaa sana. Alitoka na kitu kimefungwa kwenye kanga, lakini hakunipa. Alikifungua magotini mwake. Niliuona uzi wa buluu kabla sijaona kingine.

"Mideva alinipa hiki mwenyewe," alisema. "Nilimpokea wakati wa mvua, akitoka kuona dada yake. Alinisomea chote, mimi sijui kusoma. Baadaye nikasikia jina lake limetolewa. Nikauliza nani alilitoa. Wakasema fundi. Fundi ni nani?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimesema hivyo kwa miaka ishirini bila kufungua mdomo.

"Ni mimi, Bi Zainabu."

Hakushtuka. Alifunga kitabu. "Basi sikupi bure. Siku utakayokionyesha watu, utasema na mkono wako. Usiseme wa mwenzio peke yake. Umesikia?"

Nilisikia. Niliapa.

Na sasa ukumbini. Ulikuwepo, lakini ulikuwa mbele umetupa mgongo, hukuona nilichokiona mimi. Ulikuwa umekaa na wenzako watatu, mmevaa meupe, ninyi wanne mliokuwa kwenye orodha ya kwenda kusoma ng'ambo. Bi Fernandes, yule Mgoa wa maktaba ya Nairobi, alikuwa anazunguka nchi nzima akikusanya chapa za kwanza za vitabu vya lugha zetu, ili taifa jipya liwe navyo. Hezroni akamkabidhi nakala yake, imefungwa kwa leso nyeupe.

"Una hakika ni chapa ya kwanza?" yule mama akauliza.

"Mwaka upo hapo. Na anayekuambia ni mwandishi mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama nyuma. "Naomba mama afungue ukurasa wa mwisho kabisa."

Hezroni alicheka vizuri, kama mwenyeji. "Huyu ni Zefania wetu, fundi wa Biblia. Zefania, keti, utapewa nafasi."

"Nimekaa miaka mingi, bwana. Leo nimechoka kukaa."

Bi Fernandes akafungua. Nikamwomba asome kwa sauti orodha ya vitabu vinavyouzwa. Alipofika kitabu cha hesabu cha darasa la pili nilimsimamisha, nikawauliza walimu, kile kitabu cha hesabu kilikuja lini? Mwalimu mmoja mama mzee akajibu kutoka kitini, "Vita vilipokwisha! Nilikipokea mimi mwenyewe, sanduku zima limelowa."

"Na mwaka ulio mbele hapo ni wa katikati ya vita," nikasema. "Kitabu hiki kimemjuaje ndugu yake ambaye alikuwa hajazaliwa?"

Wakacheka, Kageha. Ukumbi mzima. Hujui kicheko kile kilivyoniingia. Nimekunywa chai ya tangawizi kwenye baridi, nimekunywa maji baada ya kufunga, sijapata kitu kitamu kama kile. Nikaendelea bila haraka. Nikamwambia ageuze mgongo, auone waya, wakati sisi tulishona. Nikatoa cha Bi Zainabu, nikakipeleka mwenyewe mpaka mezani, nikapita karibu na Hezroni kiasi cha kusikia pumzi yake. Vikawekwa kimoja ubavuni mwa kingine. Ukurasa wa thelathini na moja: muuyu huku, munyu kule. Kisha Bi Fernandes akafungua ukurasa wa mbele wa kile chenye uzi, akasoma, "Dorika Mideva."

Nyuma kabisa mwanamke mmoja wa meza ile ya kushonea akapiga ukemi, "Uuuwi! Mideva!" Hapo Hezroni akashika ukingo wa meza.

"Ulikuwa uamuzi wa kamati," alisema. Sauti yake haikufika hata safu ya pili.

Bi Fernandes hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Lakini nani hasa alilitoa jina?"

Nikasema, "Walilitoa."

Walilitoa! Nilikuwa nimemwapia yule bibi, nilikuwa na ukumbi mzima mkononi, na nikajificha nyuma ya silabi moja. Hezroni aliinua uso akaniangalia. Alijua. Angefungua mdomo tu, angeniangusha pale pale pamoja naye. Macho yake yakatoka kwangu, yakakufikia wewe katika ile safu ya mbele, kisha yakaenda sakafuni. Akanyamaza. Akatafuta kofia yake, akatoka.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Nadhani alinyamaza kwa ajili yako. Na kama unafikiri hilo limenilainisha, hapana. Limenifanya nimchukie mara mbili. Nilitaka kumwacha bila kitu, naye akaondoka akiwa ameniachia kitu.

Kuna jingine, na hili nalijua linakuuma kuliko yote. Asubuhi ya siku ile karani wa ofisi yake, kijana wa ukoo wetu, alinikuta barabarani. Alijua nina kitabu. Akaniambia, "Mzee, ngoja wiki ipite. Orodha ya watoto iko mezani kwake, Ijumaa anaitia sahihi iende Nairobi." Nilimsikia vizuri. Siku zilizobaki zilikuwa tatu. Lakini Bi Fernandes angekuwa ameondoka, na ukumbi usingejaa vile tena, na mimi nilitaka kujaa kwake. Nikaingia.

Uliyosikia watu wakisema, kwamba Hezroni alikukata jina kwa kulipiza, si kweli. Alisimamishwa kazi kesho yake, orodha ikabaki kwenye droo bila sahihi mpaka muda ukapita. Wewe na wenzako watatu. Baba zao hawanisalimii sokoni, nao wana haki. Aliyekukata ni mimi. Miaka minane niliweza kungoja kwa ajili yangu, siku tatu zikanishinda kwa ajili yako.

Kazi hii ya maktaba hukuipata kwangu. Ulikaa ukamwandikia Bi Fernandes barua peke yako, sijui ulimwambia nini, akakuita. Nilipoiona bahasha nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Basi umeuliza nimepata nini. Nilipata kicheko kile. Nilipata jina la mama yako kusomwa kwa sauti katika ukumbi ambao miaka mingi lilikuwa halitajwi. Nililala usingizi mzuri siku tatu, ya nne nikaamka. Hezroni yuko Lugari sasa, analima mahindi kwenye shamba lililokuwa la Mzungu, kati ya watu wasiomjua. Nikisikia viwavi wameingia kwenye mahindi yake, nafurahi, na sitakudanganya kwamba nimeacha. Ungenirudisha ukumbini ningesimama tena na kusema yaleyale, ila ningengoja Ijumaa ipite, na ile silabi ningeibadilisha.

Wiki iliyopita nilikwenda Musanda kurudisha kitabu. Bi Zainabu aliniuliza swali moja, "Ulisema na mkono wako?" Nikamnyooshea kitabu tu. Akasukuma kitabu nyuma kwangu. "Basi hakijamaliza kazi. Mpe binti."

Kwa hiyo nimeviweka vyote viwili ndani ya sanduku lako, chini ya blanketi: chenye uzi na chenye waya. Bi Fernandes alimwachia Hezroni kile cha leso, lakini cha pili hiki ni changu mwenyewe, nilikipiga nilipolitoa jina la mama yako. Atakuuliza habari zake kabla hajavifanyia kadi, maana ndivyo kazi yenu ilivyo. Kwa cha kwanza, mwambie kimeandikwa na Dorika Mideva, na kushonwa naye. Kwa cha pili, mwambie mwandishi ni huyohuyo, na jina lake liliondolewa na Zefania, mpanga herufi, mume wake. Andika kwa wino, kwa mwandiko wako ule mzuri, mahali ambapo mtu yeyote akifungua kabati ataona.

Hezroni nimemalizana naye. Huyu wa pili, mpanga herufi, nakuachia wewe, mama, na nakuomba usimhurumie.

Ni mimi baba yako,
Zefania